Arobaini ya Hakimu

Jumamosi, 7 Juni 2025

Hakimu ana mimba.

Nilidhani ni unene tu. Mimi ndiye ninayempimia chakula, na siku hizi mkono wangu umekuwa mzito. Leo nimempeleka kwa Kathini, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa nyuma ya soko. Alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili huku akitazama dari, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Kisha akasema, "Mzee, jiandae. Utaitwa babu."

Wangapi? Kwa vidole hawezi kujua. Mbwa mwenye mwili mdogo hivi, uzazi wa kwanza — wanne, labda watano. Mimba ya mbwa ni miezi miwili na siku chache. Huyu ameshavuka nusu. Tungojee mapema Julai.

Baba ni nani? Kathini alicheka. Hapa Mwakingali, alisema, orodha ya washukiwa ni ndefu na wote wana mikia.

Nilimwita Hakimu kwa sababu ukimsemesha hulaza kichwa upande mmoja na kukusikiliza mpaka mwisho. Miaka thelathini na moja nilikuwa mkalimani wa mahakama, Kidawida kwa Kiswahili, Kiswahili kwa Kiingereza, na mahakimu waliosikiliza namna hiyo walikuwa wachache. Humu ndani mimi na yeye huongea Kidawida cha Kishushe. Hajawahi kunisahihisha.

Tumerudi kwa njia ya mbali. Ile ya karibu inapita mbele ya veranda ya Mkamburi.

Jumatatu, 9 Juni

Mkamburi amejua!

Aliyemwambia ni Bi Mwanaidi, bila kukusudia. Ni jirani yetu wa upande wa pili wa ua, mtu wa Taveta, muuza mahamri. Mbwa hamgusi — dini yake ina masharti kuhusu mate ya mbwa — lakini kwa macho hakuna kinachompita. Asubuhi alisimama kwenye ua akapaza sauti: "Mzee wangu, hongera! Naona Hakimu kajaaliwa!"

Mkamburi alikuwa hatua tano tu kutoka hapo, akichambua maharagwe.

Mkamburi ndiye mwenye nyumba. Mjane, mweka hazina wa akina mama wa kanisa. Alifundisha hesabu mpaka alipostaafu, na hadi leo huongea kana kwamba mbele yake kuna madawati arobaini. Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini.

"Baba Wakio. Mimi nilikubali mbwa mmoja. Moja ni moja."

Nikamjibu kwamba mpaka watakapozaliwa, bado ni mmoja.

"Sikuomba tafsiri," akasema.

Hukumu yake ni hii: akishazaa, mama na watoto waende kwa Geoffrey, kaka yake Mkamburi anayechunga ng'ombe kwenye ranchi huko Ndara. Nisipotaka, niende nao.

Ndara! Kule fisi hupita mlangoni kama wageni wa harusi. Hakimu amelelewa kwa chapati na redio. Mende akiruka yeye huingia chini ya kitanda.

Jumanne, 10 Juni

Sikulala vizuri. Nimefikiria kuhama.

Ndovu walitutoa Kishushe mwaka 1984. Waliangusha ghala, wakarudi wakaangusha jiko, mara ya tatu hawakukuta cha kuangusha. Kutoka hapo Mwatate, Maungu, Mwatate tena, Kaloleni, hapa. Kila nilipohama niliacha kasha moja la vitabu. Limebaki moja. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Alhamisi, 19 Juni

Kathini anasema sasa chakula kiongezwe, kidogo kidogo mara nyingi, maana tumbo halina nafasi. Na nimtengenezee pahali pa kuzalia: kasha lenye kingo, kavu, lisilo na upepo, mbali na watu. Azoee mapema.

Nimetoa vitabu katika kasha langu la mwisho. Nimevipanga ukutani, vinaonekana kama watu waliotolewa hotelini kabla ya saa ya kutoka. Ndani ya kasha nimetandika magazeti. Kazi ya dakika kumi, imenichukua mchana mzima. Kila gazeti nililotaka kutandika lilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekisoma.

Hakimu ameingia, amenusa, amekaa. Akalaza kichwa upande. Nadhani ameridhika.

Wakio, binti yangu, amepiga simu kutoka Nairobi. Baba njoo, kuna chumba. Orofa ya nne. Nikamuuliza habari ya mbwa. "Baba, huku hata paka wa kalenda hakubaliwi."

Jumapili, 29 Juni

Ploti nzima, wapangaji na majirani, inabashiri. Fundi wa simu wa nyumba ya kwanza anasema sita. Bi Mwanaidi anasema saba, amemwona anavyotembea. Mimi nimebaki na wanne wa Kathini, kwa heshima ya taaluma.

Mkamburi alipita na Biblia yake kwapani. "Akizaa zaidi ya wanne," alisema, "nitajua ni makusudi."

Kathini amenielekeza kumpima Hakimu joto kila siku kuanzia sasa. Likishuka chini ya thelathini na saba, uchungu uko karibu, siku moja hivi. Nilikuwa na kipimajoto changu mwenyewe cha homa. Sina tena. Sasa ni chake, na nikipata malaria nitakisia.

Jumamosi, 5 Julai

Thelathini na sita na nusu!

Amekataa chakula. Anahema. Amechimba maua ya Mkamburi, akaingia kwenye kasha, akatoka, akaenda kuchimba yale ya upande wa pili ili pande zote zilingane. Nimejaribu kuyarudishia. Yamesimama kama mashahidi waliolewa.

Jumapili, 6 Julai

Tisa.

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi wote walikwenda kanisani isipokuwa mimi. Nilikaa karibu na kasha, kama Kathini alivyoniagiza, bila kumghasi. Nikaenda kuchukua maji. Niliporudi, kasha tupu! Magazeti yote yamekunjwa kwenye kona moja. Hakimu hayupo.

Nilimtafuta chini ya kitanda, bafuni, kwa fundi wa simu. Mwishowe nikasikia mlio mwembamba, kama mlango unaotaka mafuta. Ulitoka stoo ya Mkamburi, ile ya makaa iliyo ubavuni mwa veranda yake. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Hakimu alikuwa amejilaza juu ya gunia, na mbele yake kulikuwa na kitu cheusi, chenye maji, kikubwa kama panya wa shambani. Alikuwa akikilamba kwa bidii ya mtu anayesugua sufuria.

Nikarudi kinyumenyume. Kathini alisema nisimguse mtoto isipokuwa mama akishindwa kumtoa kwenye utando wa uzazi. Hakushindwa. Wa pili alikuja baada ya nusu saa. Wa tatu.

Hapo lango likafunguka. Mkamburi — na nyuma yake akina mama kumi na wawili wa kanisa, wamevaa sare, kitambaa cheupe kichwani! Nilikuwa nimesahau kabisa. Kikao chao cha mwezi kilikuwa kwake leo.

Nilisimama mbele ya stoo. Sikupata neno katika lugha yoyote kati ya tatu.

"Baba Wakio, umeficha nini?"

Wa nne akajibu kwa niaba yangu.

Kikao hakikufanyika. Viti vilihamishwa kutoka sebuleni hadi mbele ya stoo. Niliwaomba wakae mbali kidogo, wapunguze sauti, mzazi anataka utulivu. Wakapunguza. Kumi na wawili wakinong'ona kwa pamoja ni sawa na mvua kwenye mabati. Kila mtoto alipotoka walipiga makofi kwa ncha za vidole. Wa tano. Wa sita — "Bwana asifiwe!" — wa saba. Mama mmoja mnene kutoka Mwatate alikuwa akilia waziwazi. Bi Mwanaidi alikuwa amepanda ndoo upande wake wa ua ili aone, na akauliza kama mwanamke amepewa maji.

Wa nane alikuwa mweupe mwenye madoa. Tukadhani amemaliza. Chai ikamiminwa. Kisha wa tisa, kitindamimba, mdogo kama embe dodo ambalo halijakomaa. Hakulia. Hakimu alimlamba, akamlamba, akamgeuza kwa pua. Makofi yalisimama. Halafu akalia! Yule mama wa Mwatate aliinuka akamkumbatia Mkamburi. "Dada, umebarikiwa! Amekuja kuzalia kwako!"

Nilimtazama Mkamburi. Ana nidhamu ya ajabu. Alisema, "Amina."

Jumatatu, 7 Julai

Kathini amekuja. Mama mzima. Uchafu wa kijani kilichokolea uliomtoka ni wa kawaida, utageuka mwekundu na kupungua. Ukinuka vibaya, nimwite. Chakula mara mbili ya kawaida, kisha mara tatu watoto wakikua. Maji karibu na mdomo saa zote. Nimguse chuchu kila siku, isiwepo ngumu wala ya moto. Kisha akahesabu watoto mara mbili, akasema pole. Aliwaza wanne.

Chuchu zenye maziwa ni nane.

Akaniambia pia wasitenganishwe na mama kabla ya wiki nane. Mkamburi alikuwa mlangoni. "Wiki nane? Mwishoni mwa Agosti? Geoffrey nimeshamwambia ni Jumatano hii."

Hapo Bi Mwanaidi akaingilia kutoka uani, akimwita Mkamburi kwa jina la mwanawe. "Mama Linet, utamtoa mzazi ndani ya arobaini?"

Hata mimi nilishtuka.

"Ni mbwa, Bi Mwanaidi."

"Mbwa simgusi, wala hanihusu. Lakini mzazi ni mzazi. Kwetu mzazi hafukuzwi mpaka atimize arobaini. Kwenu Udawida mnafukuza?"

Kwao Mkamburi pia mwanamke aliyejifungua hukaa ndani, hulishwa, hasukumwi. Jana mashahidi kumi na wawili wenye sare walipiga makofi mbele ya stoo yake. Ilibidi ajitetee, na akajitetea kwa silaha yake. Alichukua kipande cha kaa akaandika ukutani.

"Sawa. Mtu hubeba mimba miezi tisa, anakaa siku arobaini. Mbwa anabeba miezi miwili. Arobaini mara mbili, gawanya kwa tisa." Akapiga mstari. "Nane nukta nane. Kwa huruma, tisa. Arobaini ya mbwa ni siku tisa."

Bi Mwanaidi alisema arobaini haigawanywi, si keki. Mkamburi akasema kila kitu hugawanywa. Mimi nikasema — Mungu anisamehe, ilinitoka — kwamba mtu huzaa mmoja, huyu amezaa tisa, basi pia tuzidishe. Arobaini mara tisa ni karibu mwaka.

Mkamburi alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyejibu swali bila kuinua mkono.

Tulibishana mpaka chai ya saa nne. Mwafaka: tisa mara mbili. Siku kumi na nane. Alhamisi ya tarehe ishirini na nne, mkokoteni utakuja kuwachukua mpaka stendi, na gari la ranchi litawapokea. Mpaka hapo mzazi asisumbuliwe.

Siku kumi na nane si wiki nane. Watakuwa ndiyo kwanza wamefungua macho, waone fisi.

Alhamisi, 10 Julai

Bi Mwanaidi ameleta uji wa mzazi. Aliuweka juu ya ukuta wa ua akarudi nyuma, mimi nikauchukua. Ulikuwa umepikwa kwa moyo, mzito, unanukia.

Hakimu alilamba mara moja. Akapiga chafya. Akapiga chafya tisa mfululizo, watoto wakiyumba juu ya tumbo lake kama abiria. Kisha akautazama uji, akanitazama mimi, akalaza kichwa.

Kathini kwenye simu: "Nani amempa mbwa pilipili manga?"

Nikamweleza Bi Mwanaidi kwa upole. Alishangaa kweli. Mzazi wa kunyonyesha bila uji wa pilipili manga, maziwa yatatoka wapi? Aliwazaa wake sita kwa uji huo. Akauliza tena, basi kukandwa maji ya moto je, anakandwa? Nikasema daktari hajataja. "Daktari mwenyewe kijana," akasema, akaondoka na bakuli.

Uji nimeunywa mimi. Mzuri sana. Nimetokwa jasho mpaka jioni.

Jumatano, 16 Julai

Watoto wanaongezeka uzito kila siku, ila kitindamimba. Wenzake wanamkanyaga. Watoto tisa, chuchu nane, na yeye ndiye anayebaki.

Leo nimemkuta Mkamburi stoo, amesimama, mikono nyuma. Alisema amekuja kuchukua makaa. Hakuwa na karai.

"Tisa kwa nane haiendi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, nimeona.

"Lazima kuwe na zamu. Toa yule wa madoa, ameshanyonya mara mbili. Si huyo! Wa madoa! Mweke huyu mdogo hapo nyuma, chuchu za nyuma ndizo zenye maziwa. Baba Wakio, wewe umesoma wapi?"

Alasiri akaja na mizani yake ya unga wa keki, ameifunika kwa mfuko wa nailoni. Ni kwa ajili ya Geoffrey, alisema, gari la ranchi lijue uzito wa mzigo. Nikawapima mmoja mmoja. Yeye alisoma namba. Kwa kitindamimba alinifanya nirudie mara tatu, akisema mizani ina kasoro.

Jumapili, 20 Julai

Macho yamefunguka. Ya buluu, hayaoni mbali. Mama wa Mwatate ameleta mifupa ya supu. Aliuliza watabatizwa lini. Mkamburi hakucheka, lakini alifunga mdomo kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika.

Hakimu amekonda. Anakula kila ninachompa, na chote kinapita kwenda kwao.

Jumanne, 22 Julai

Makau wa mkokoteni ameambiwa aje keshokutwa saa mbili. Nimemsikia Mkamburi akimwagiza lango la nyuma, si la mbele. Nimeuliza kama hawezi kungoja kidogo. Akasema mapatano ni mapatano, na mapatano yale tuliyafanya mbele ya mashahidi.

Sina pa kukata rufaa.

Nimempigia Wakio. Nimemuuliza orofa ya nne ina ngazi ngapi. Alifurahi mno hata sikuweza kumwambia kwa nini nauliza.

Alhamisi, 24 Julai

Naandika nimekaa kwenye ndoo, ndani ya stoo. Kichwa cha Hakimu kiko juu ya mguu wangu. Kathini amesema nisiache kutazama pumzi yake, na mtu akitazama tu bila kufanya kitu mikono inatafuta kazi.

Alfajiri nilimkuta ameacha watoto. Anazunguka, anahema mdomo wazi, hatulii. Nilipomwita alikuja kwa miguu iliyokakamaa, kama meza inayotembea. Kisha akaanza kutetemeka, mwili mzima.

Saa mbili kamili, Mkamburi na Makau na mkokoteni.

Mkamburi alitazama akasema, "Umemfundisha kuigiza?" Alifundisha miaka mingi, akasema, anawajua wanaougua siku ya mtihani. Nikamwambia aguse. Hajawahi kumgusa hata siku moja. Akainama, akashika sikio kwa vidole viwili. Likamchoma! Niliona uso wake ukibadilika.

"Makau! Kamlete Kathini. Kimbia!"

"Mama, na mkokoteni?"

"Na mkokoteni, na chochote! Kimbia!"

Alikimbia na mkokoteni. Robo saa baadaye alirudi nao, na Kathini yumo ndani, amekaa kama bibi harusi, mkoba magotini, kiatu kimoja mkononi. Kisigino kilikatika njiani, na Makau alikataa kungoja.

Ni homa ya maziwa, Kathini alisema. Watoto wamefyonza madini yote ya chokaa katika damu yake. Tisa ni wengi kwa mwili huu. Alimtia dawa kwenye mshipa, taratibu sana, tone kwa tone, sikio kifuani. Bi Mwanaidi alikuwa juu ya ndoo yake, midomo ikienda bila sauti.

Kutetemeka kumepungua. Hakujaisha. Kathini hataki kuahidi. Saa moja ijayo ndiyo itasema. Akipona, asisogezwe. Na watoto wasimnyonye hata mmoja mpaka kesho. Walishwe kwa mkono, kila baada ya saa tatu, maziwa ya mbuzi na kiini cha yai, kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

"Nani atawalisha?" akauliza Kathini.

Mikono yangu kila mtu anaijua. Haiwezi hata kutia uzi kwenye sindano.

"Msinitazame mimi," akasema Mkamburi. "Mimi ni wa kuwasafirisha tu."

Kathini hakubishana. Alimchukua kitindamimba, akamweka katika kiganja cha Mkamburi, akamkabidhi bomba, akaenda kunawa.

Simu ya Mkamburi inalia mfukoni mwake. Ni Geoffrey, gari la ranchi liko stendi, linangoja. Imelia mpaka ikakatika. Inalia tena. Makau amesimama langoni akiwa ameshika mikono ya mkokoteni. Ameshauliza mara mbili kama apakie au asipakie. Sasa anauliza ya tatu.

Mkamburi amekaa juu ya gunia la makaa na gauni lake safi, kitambaa cha kichwa amekivua, amemviringishia mtoto. Anamgusisha bomba mdomoni. Mtoto anakataa kufungua. Anajaribu tena. Anakataa. Na Mkamburi, bila kujua kwamba sote tunamtazama, amefungua mdomo wake mwenyewe, wazi kabisa, kumwonyesha namna ya kunyonya.